Longmoor: reli iliyojengwa ili ing'olewe

Kutoka Bordon hadi Liss, miji midogo ya kaunti ya Hampshire kusini mwa Uingereza, hazifiki kilomita 15. Lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi lilikuwa limejaza eneo hilo reli zenye jumla ya zaidi ya maili 70, yaani kilomita 110 na ushei. Nyingine zilizunguka zikarudi zilikotoka. Nyingine ziliishia mchangani, katikati ya vichaka. Mwisho wake hapakuwa na bandari, wala mgodi, wala soko. Kikosi kimoja kilitandika reli, kingine kikaja kuing'oa, na mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, yakarudishwa kwenye lundo yakingoja kikosi cha tatu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa Longmoor Military Railway, reli ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, iliyoanza mwaka 1903 na kufungwa mwaka 1969. Anayepima reli kwa tani za mzigo na idadi ya abiria ataiona hasara tupu. Mimi naiona ni shule iliyofikiriwa vizuri mno. Kwa nini jeshi lihitaji reli nzima ya kuchezea, badala ya darasa, ubao na chaki? Jibu lake limo ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Mashine isiyo na usukani

Kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi kuna injini kubwa iitwayo Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya zile 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester kwa ajili ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 252. Watoto wanaopanda kwenye chumba cha dereva hutafuta usukani kwanza, wakikosa hugeuka kumuuliza baba. Usukani haupo. Njia inaamuliwa na reli. Kilichopo ni ukuta wa mabomba na vali, mkono mrefu wa chuma wa kufungulia mvuke, na kioo chembamba kilichosimama wima, mfano wa kipimajoto kikubwa. Nilisimama mbele ya kioo hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote mle ndani. Kinaonyesha kiasi cha maji yaliyomo kwenye boila, na maisha ya waliomo chumbani yalikitegemea.

Kazi yenyewe, kwa maelezo, ni nyepesi. Moto unawaka kwenye tanuri. Joto na moshi vinapita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji. Maji yanachemka, lakini mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo unajibana. Katika hewa ya kawaida maji yakigeuka mvuke hupanuka karibu mara 1,700. Ndani ya boila yananyimwa nafasi hiyo, na nguvu yake inabaki pale pale ikisubiri. Dereva akivuta ule mkono, mvuke unakimbilia kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inasukuma fimbo, fimbo inazungusha gurudumu.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni akili kubwa kuliko yote. Mvuke uliokwisha kazi hautupwi ovyo, unapulizwa juu kupitia bomba la moshi. Ukitoka kwa kasi unavuta na moshi wote ulio kwenye mirija, na moshi ukivutwa, hewa mpya inaingia kwa nguvu chini ya moto. Ndiyo maana ya ule mlio wa chaff, chaff, chaff. Treni ikipanda kilima na kuhema kwa nguvu, kule kuhema kwenyewe ndiko kunakochochea moto. Injini inapohitaji nguvu zaidi, moto nao unakolea.

Sasa tazama ugumu ulipojificha. Mchochea moto haruhusiwi kusubiri kilima ndipo atie makaa. Akichelewa, mvuke unaisha katikati ya kupanda. Akimimina sepetu kumi kwa mpigo, anauzima moto kwa makaa mabichi na moshi mweusi unafunika kijiji kizima. Inabidi atie kidogo kidogo, mara kwa mara, sepetu hii kwenye pembe, ile ubavuni, huku sakafu inaruka chini ya miguu yake. Na inabidi aijue njia kwa kichwa, kwa sababu anachokitia sasa kitatumika dakika kadhaa mbele.

Maji nayo yana hila yake. Dari la tanuri ni bamba la chuma lililo juu kabisa ya moto. Haliyeyuki wala kulegea kwa sababu moja tu, kwamba juu yake kuna maji. Treni ikiwa inapanda, maji yanalala nyuma, upande wa tanuri, na kioo kinaonyesha maji mengi. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji yote yanakimbilia mbele. Mtu aliyejiona tajiri wa maji dakika moja iliyopita anakuta dari liko wazi juu ya moto. Waliounda injini waliweka hapo kizibo chenye risasi, yaani yale madini laini, ili maji yakipungua kiyeyuke, mvuke umwagike motoni na kuwagutusha waliomo. Kizibo hicho kinaonya tu, na asiyelielewa onyo lake anaweza kulipukiwa na boila zima.

Yaandike yote haya kwenye kitabu, mwanafunzi ayakariri, afaulu mtihani kwa asilimia mia. Bado hataweza kuendesha. Mkono wake haujajua uzito wa sepetu iliyojaa, na sikio lake halijajua mlio wa magurudumu yanayoteleza. Kwa injini ya mvuke hakuna kujifunza ukiwa nje yake.

Gharama ya kutojua

Jeshi la Uingereza halikulifahamu hili kwa busara, lilifundishwa na maafa. Majira ya baridi ya 1854 kwenda 1855 askari wake waliouzingira mji wa Sevastopol, huko Crimea, katika vita na Urusi, walikuwa wakifa kwa baridi na maradhi, ilhali vyakula na nguo vilikuwa vimelundikana kwenye bandari ya Balaklava, kilomita chache kutoka walipo. Kilichowatenganisha na blanketi zao ni tope. Wakandarasi wa kiraia, Peto, Brassey na Betts, walileta vibarua wao na kutandika reli hadi juu ya vilima kwa muda wa wiki saba hivi. Kazi ilikuwa nzuri, lakini wakuu wa jeshi walibaki na swali: mara nyingine kibarua wa kiraia akikataa kwenda kunakopigwa mizinga, atalazimishwa na nani?

Mwaka 1885 walikosea tena. Baada ya Jenerali Gordon wa Uingereza kuuawa Khartoum, Sudan, reli ilianzishwa kutoka Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu, kuelekea Berber. Ikaachwa mwaka huohuo, ikiwa bado karibu na pwani.

Iliyofanikiwa ni ile iliyojengwa na wanajeshi wenyewe. Januari 1, 1897, chini ya Jenerali Kitchener, aliyetumwa kuiteka Sudan, kazi ilianza Wadi Halfa kukata jangwa la Nubia. Msimamizi alikuwa kijana wa Kanada, Luteni Percy Girouard wa kikosi cha wahandisi, Royal Engineers. Oktoba 31 mwaka uleule reli ilifika Abu Hamed, umbali wa takriban kilomita 370 za mchanga mtupu. Mwaka uliofuata reli hiyo ndiyo iliyobeba jeshi na mizinga kuelekea Omdurman, ambako zaidi ya Wasudani 10,000 waliuawa kwa asubuhi moja. Nalisema hili hapa kwa sababu habari za treni hupendeza kusimuliwa, na msimulizi husahau kuuliza treni ilibeba nini.

Jina la Girouard wasomaji wa Kenya wana haki ya kulishtukia. Ni yuyu huyu aliyesimamia reli za jeshi katika vita vya Makaburu, kisha akawa gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1909 hadi 1912. Tawi la reli la Thika lilianzia wakati wake. Mkataba wa 1911 uliowang'oa Wamaasai kutoka Laikipia nao ni wa wakati wake.

Vibanda 68 juu ya reli mbili

Vita vya Makaburu vilipokwisha mwaka 1902, wahandisi wa reli walirudi Uingereza wakiwa na uzoefu ambao ungepotea kama usingepewa pa kuishi. Kazi ya kwanza ikajileta yenyewe. Kambi ya Longmoor ilikuwa kwenye ardhi ya majimaji, na ikaamuliwa vibanda vyake 68 vihamishiwe Bordon. Vibanda vyenyewe havikuwa vya kubebwa begani; kila kimoja kilikuwa bweni zima. Walichofanya ni kutandika reli nyembamba mbili sambamba, kila moja ikiwa na upana wa inchi 18, wakakipakia kibanda juu yake, mguu huku mguu kule, wakakivuta kizima kizima kupita porini. Napenda kuwawazia wanakijiji wanaotazama bweni likijongea taratibu katikati ya miti, madirisha yake yakiwa yamefungwa vizuri.

Reli iliyobaki baada ya kazi hiyo ilitandikwa upya kwa upana wa milimita 1,435, ule ule wa SGR za leo za Kenya na Tanzania. Shule ikaanza. Kwanza iliitwa Woolmer Instructional Military Railway, na jina la Longmoor likaja rasmi mwaka 1935.

Pamoja na hayo, Agosti 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka jeshi zima la kudumu lilikuwa na kompeni mbili tu za reli, ya 8 na ya 10. Huko Ufaransa barabara zilisagwa na mizinga na malori yakazama. Mwaka 1916 ilibidi aitwe Eric Geddes, meneja wa kampuni ya reli ya kiraia, aje kupanga usafirishaji upya. Nyuma ya mahandaki zikatandikwa reli za sentimita 60, nyepesi kiasi cha kubebwa na watu kwa mikono. Injini za mvuke zilifanya kazi hadi mahali fulani tu. Zaidi ya hapo, mchana moshi uliwaonyesha maadui pa kulenga, na usiku mwanga wa tanuri ulifanya hivyohivyo, kwa hiyo mbele kabisa mabehewa yalivutwa na vichwa vidogo vya petroli. Hilo nalo likawa somo.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Reli ya Uganda ilipita karibu na mpaka wa koloni la Wajerumani, na askari wa Kijerumani walivuka usiku kutega mabomu relini. Waingereza wakawa wanatanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili bomu limalize hasira yake kwenye mchanga. Kutoka Voi jeshi lilitandika reli kwenda Maktau hadi Taveta, kazi iliyofanywa na kompeni za reli kutoka India, na mwaka 1916 ikaunganishwa pale Kahe na reli ya Usambara iliyojengwa na Wajerumani. Iliwezekana kwa sababu pande zote mbili zilitumia upana uleule wa mita moja. Laiti Wajerumani wangechagua upana mwingine, kila gunia lingeshushwa na kupakiwa upya.

Kuvunja ndiko kujifunza

Turudi Hampshire. Ukiyajua haya, utaona kila kichekesho cha Longmoor kilikuwa na maana.

Reli ilitandikwa na kung'olewa kwa sababu vitani hakuna anayekukabidhi reli nzima. Unapewa lundo la vyuma, giza, na saa sita. Wanafunzi walijifunza kupima upana, kukaza mataruma, kushindilia kokoto, na kuweka pointi, zile reli zinazosogezwa ili treni ihame njia. Walijenga madaraja na kuyashusha. Injini na mabehewa viliangushwa makusudi nje ya reli, kisha wanafunzi wakaitwa waje na kreni na majeki wavirudishe. Mwalimu anayesukuma behewa lake mwenyewe mtaroni ili wanafunzi wapate kazi ni mwalimu ninayemheshimu.

Zile njia zinazozunguka nazo? Mwaka 1942 ulikamilika mzunguko wa Hollywater. Kabla ya hapo treni ilifika mwisho haraka, ikabidi injini ifunguliwe igeuke, na mwanafunzi hakuwahi kuonja safari ndefu. Kwenye mzunguko angeweza kwenda saa nzima, na nyingine, na nyingine, hadi moto uanze kuchoka na majivu yazibe tanuri, na yeye achoke nao. Huko ndiko dereva anakopatikana. Stesheni zilikuwa na gadi, mtu wa ishara na stesheni masta, na mifumo ya ishara ilikuwa ya namna mbalimbali, maana askari hakujua kesho atapelekwa reli ya nani.

Na kweli walipelekwa mbali. Kuanzia 1941 wanajeshi wa Uingereza waliendesha reli ya Uajemi, wakipitisha mizigo kwenye milima kuelekea Umoja wa Kisovieti, hadi Wamarekani walipowapokea. Injini zao kule zilibadilishwa zichome mafuta badala ya makaa.

Vita hivyo vilileta pia injini zilizobuniwa kwa ajili ya jeshi, kazi ya R. A. Riddles. Ziliitwa Austerity, yaani za kubana matumizi. Kila urembo uliondolewa, na palipowezekana chuma cha kusubu kikachukua nafasi ya chuma cha pua. Zile za magurudumu manane ya kusukuma zilitengenezwa 935. Zile za magurudumu kumi zilikuwa 150, na hizo ndizo zinazoeleza fikra ya kijeshi waziwazi. Mtu angedhani kuongeza magurudumu ni kuongeza kasi. Sivyo. Reli iliyotandikwa usiku na askari, juu ya udongo usioaminika, haivumilii uzito mkubwa sehemu moja. Ukiongeza ekseli unaugawa mzigo, na katika injini hizi kila ekseli ilibeba chini ya tani 14. Lakini magurudumu matano upande mmoja yanafanya mwili mrefu mgumu, unaogoma kwenye kona. Dawa yake ilikuwa kuyanyima magurudumu ya katikati ule ukingo unaoshika reli, ili yateleze kidogo pembeni injini inapopinda.

Moja ya injini hizo ilitengenezwa Glasgow mwaka 1943 na kampuni ya North British, ikaishi Longmoor kama namba 600. Jina walilolipa ni Gordon, yule wa Khartoum. Nyingine ikaitwa Kitchener.

Shule ya namna hii haikosi mauti. Oktoba 1956 treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia hiyo na wanajeshi wakafa. Ishara, tokeni za njia moja (kibali cha treni moja tu kuingia kwenye kipande cha reli), sahihi kwenye daftari, mambo yanayomchosha mwanafunzi kuliko yote, yamewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kufungwa

Baada ya vita, malori makubwa na ndege vilichukua mizigo ya jeshi. Mwaka 1965 kazi ya reli iliondolewa kwa wahandisi ikapewa kikosi cha usafirishaji, Royal Corps of Transport. Reli za taifa za Uingereza zilimaliza treni zao za mvuke Agosti 1968, na kwa muda mfupi Longmoor ikawa kimbilio la wapenzi wa mvuke. Mmoja wao alikuwa mchoraji David Shepherd, ambaye alipokuwa kijana alikwenda Kenya akitaka kazi ya kulinda wanyama, akakataliwa, na baadaye akapata jina kwa kuchora tembo. Mwaka 1967 alikuwa amenunua injini mbili kutoka reli za taifa, akaziweka Longmoor. Ilikuwepo hamu ya kuigeuza njia hiyo kuwa reli ya kumbukumbu, yaani ya kutunza treni za zamani, lakini haikufanikiwa. Treni ya mwisho ya jeshi ilipita Oktoba 31, 1969, tarehe ileile ambayo Girouard alifika nayo Abu Hamed, miaka 72 kabla.

Reli ziling'olewa, safari hii bila kikosi cha kuja kuzirudisha. Kipande cha upande wa Liss sasa ni njia ya watu kutembea kwa miguu kando ya mto. Gordon aliokolewa, na yuko kwenye reli ya kumbukumbu ya Severn Valley, amepakwa rangi ya buluu ya Longmoor. Ukifika, inama utazame gurudumu la katikati. Halina ukingo.